Mguu wa kulia haukuwa mzima: kisa cha kisu kilichokata nusu ya ugwe wa mgongo

Kijana wa miaka 29 anafikishwa mapokezi ya dharura usiku, amebebwa na wenzake wawili. Amechomwa kisu mgongoni katika ugomvi, na aliyemchoma amekichomoa na kutoweka nacho. Kijana anaongea vizuri, anapumua vizuri, hajazimia hata kidogo. Lalamiko lake ni moja: mguu wa kushoto ulikufa palepale kisu kilipoingia.

"Daktari, huu wa kulia ni mzima kabisa," anasema, na kuthibitisha anaukunja na kuunyoosha. "Nimeruka nao kwa mguu mmoja mpaka kwenye gari."

Muuguzi anayemsafisha ndiye anayeona jambo la kwanza lisilokaa sawa. Kwenye unyayo wa kulia, wa huo mguu mzima, kimezama kipande cha chupa, na damu imechuruzika hadi kisigino. Kijana hana habari. Muuguzi anakivuta kwa kibanio, na yeye anaendelea kuzungumza kana kwamba anashikwa mtu mwingine.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo msomaji asimtafute mhusika. Hata hivyo, kila dalili iliyomo huonekana kwa wagonjwa wa kweli, na kwa mpangilio huuhuu. Nimekichagua kwa sababu moja. Anayeisoma anatomia ya mgongo kwa kukariri majina huisahau baada ya mtihani, lakini akielewa kwa nini mguu usiosogea unahisi sindano, na mguu unaosogea hauhisi kioo, picha nzima ya ndani ya mgongo humkaa kichwani.

Dakika za kwanza

Kabla ya kuujali mguu, uhai kwanza. Kisu kilichoingia mgongoni usawa wa kifua kinaweza kuwa kimetoboa pafu au mshipa mkubwa wa damu. Hewa inaingia sawa pande zote mbili za kifua. Mapigo ya moyo ni 92 kwa dakika, shinikizo la damu ni 118 kwa 72.

Namba hizo mbili zina maana zaidi ya kututuliza. Neva zinazokaza mishipa ya damu na kuuharakisha moyo wakati wa hatari hutoka kwenye ugwe, ile kamba ya neva inayoshuka ndani ya uti wa mgongo, kati ya vipande vyake vya T1 na L2 (T ni kifua, L ni kiuno, na namba huhesabiwa kutoka juu). Ugwe ukiharibika juu, hasa juu ya T6, sehemu kubwa ya neva hizo hukosa amri, mishipa hulegea, na mgonjwa huonekana na shinikizo la chini pamoja na mapigo ya polepole. Huyu hana hayo, kwa hiyo tayari tunashuku jeraha liko chini zaidi. Na lau shinikizo lake lingeshuka, tusingekuwa na haki ya kuulaumu ugwe. Tungetafuta damu inakomwagika.

Jeraha lenyewe ni dogo, mpasuko wa sentimita 2 upande wa kushoto wa mstari wa katikati, karibu na usawa wa ncha ya chini ya mfupa mpana wa bega. Si ajabu limekaa pembeni. Miiba ya pingili iliyojipanga katikati ya mgongo huikinga njia ya katikati, na ncha ya kisu ikigonga mwiba huteleza kuingia kwenye bonde lililo kando yake. Ndiyo maana kisu, kuliko risasi au ajali ya gari, kina tabia ya kukata upande mmoja tu wa ugwe.

Kipimo kinachoamua

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanamwomba mgonjwa asogeze miguu, wanaandika "mguu wa kushoto umepooza, wa kulia kawaida," kisha wanaendelea na kazi nyingine. Maandishi hayo yamejibu swali moja kati ya matatu. Ugwe wa mgongo haubebi kitu kimoja, kwa hiyo haupimwi kwa kitu kimoja. Zana zinazohitajika ni pini, pamba, uma wa mtetemo (chuma cha ncha mbili kinachotetemeka kikigongwa), nyundo ya kupimia refleksi, yaani mruko wa msuli usiotegemea hiari, na kitu cha baridi, basi.

Nguvu zilipimwa kwanza, kwa mizani ya 0 (hakuna nguvu) hadi 5 (nguvu kamili). Mikono yote ni 5. Mguu wa kulia ni 5 kuanzia nyonga hadi vidole. Mguu wa kushoto ni 0 kote. Nyonga haikunjiki, goti halinyooki, kidole gumba hakitikisiki. Umelegea kabisa, ukiuinua na kuuachia unaanguka kwa uzito wake. Nyundo inapogonga kano chini ya goti la kulia, mguu unaruka. Upande wa kushoto, kimya.

Kisha akaambiwa anyanyue kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia huku amelala chali, mikono ikiwa kifuani. Kipimo hiki hakichukui hata nusu dakika, nami naona hurukwa mno katika maandishi ya wagonjwa. Mtu mzima akifanya hivyo, kitovu hubaki mahali pake kwa sababu misuli ya tumbo huvuta sawa juu na chini, kushoto na kulia. Cha huyu kilivutwa juu na kuelekea kulia. Maana yake ni kwamba robo ya chini ya tumbo upande wa kushoto haivuti, na robo nyingine tatu zimeshinda. Tayari tumepata kimo cha jeraha, karibu na T10, kwa kuangalia kitovu tu.

Pini ndiyo iliyoligeuza jambo zima. Mguu wa kushoto, ule uliokufa, ulichomwa taratibu kutoka paja hadi unyayo, na kijana akasema kila mara, "Inachoma." Mguu wa kulia ulichomwa vilevile naye akasema, "Unanigusa, lakini haichomi." Chupa ya maji ya baridi ikawekwa kwenye paja la kulia, akasema anahisi kitu kimemgusa, hajui ni cha baridi au cha moto. Ganzi hiyo ya maumivu ilianza upande wa kulia vidole kadhaa chini ya kitovu, ikashuka paja, goti, kisigino, hadi ngozi ya kulia inayozunguka njia ya haja kubwa.

Zamu ya mkao wa viungo. Amefumba macho, kidole gumba cha mguu wa kulia kinashikwa pembeni na kupelekwa juu au chini kidogo sana, naye anataja sahihi kila mara. Cha kushoto anabahatisha. Uma wa mtetemo ukiwekwa kwenye kifundo cha mguu wa kulia, anahisi unatetemeka. Kushoto anahisi chuma tu, kifundoni, gotini, na hata kwenye mfupa wa nyonga. Mguso mwepesi wa pamba anauhisi miguu yote miwili, ingawa kushoto anasema ni "kama kwa mbali."

Mwisho kukapatikana kitu ambacho asiyekitafuta hakioni. Upande wa kushoto wa tumbo, usawa wa kitovu, kuna ukanda mwembamba, upana wa vidole viwili au vitatu, ambao hauhisi chochote: si pini, si baridi, si pamba. Juu yake tu, ngozi imekuwa kali kupita kiasi. Shati likipita hapo anakunja uso.

Mkojo ulikuwa haujatoka tangu tukio. Ulipowekwa mpira wa mkojo, zilitoka mililita 700.

Ndani ya mfereji wa mifupa

Pingili za uti wa mgongo zimepangana zikaacha mfereji katikati, na ndani ya mfereji huo ndimo unamopita ugwe wa mgongo. Kwa mtu mzima ugwe una urefu wa takriban sentimita 42 hadi 45, na unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono. Umefungwa na tando tatu, na kati ya mbili za ndani kuna maji ya uti wa mgongo. Unaanza pale fuvu linapoishia na kukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno.

Kutoka kwenye ugwe huchomoza jozi 31 za neva za mgongo: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno) na 1 ya kifandugu. Shingo ina pingili 7 lakini neva 8, kwa sababu neva ya kwanza hutoka juu ya pingili ya kwanza, na ya nane hupita chini ya pingili ya saba. Kuanzia hapo kila neva hutoka chini ya pingili yenye namba yake.

Kila neva huundwa na mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huleta hisi, na seli zake hukaa kwenye kifundo kidogo kilicho nje ya ugwe. Mzizi wa mbele hupeleka amri kwa misuli, na seli zake hukaa ndani ya ugwe wenyewe, kwenye pembe ya mbele ya mada ya kijivu, yaani sehemu ya katikati ya ugwe yenye seli. Mgawanyo huu ulijulikana mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kazi za Charles Bell huko Uingereza (1811) na François Magendie huko Ufaransa (1822), na Magendie ndiye aliyeuonyesha waziwazi pande zote mbili. Nje ya pingili mizizi hiyo imeshaungana, kwa hiyo neva yenyewe hubeba yote mawili.

Kwa nini basi hatukusema kwamba kisu kimekata neva? Kwa sababu neva moja ya kifua ikikatika, hasara ni ndogo ajabu. Maeneo ya ngozi ya neva jirani hupandiana, na misuli ya tumbo hupata amri kutoka neva kadhaa. Hakuna neva ya kifua inayoweza kuua mguu mzima. Na hakuna neva moja popote inayoweza kuchukua nguvu upande huu na maumivu upande ule. Hilo huweza kufanyika ndani ya ugwe tu, kwa sababu ndani yake njia zinapita pamoja lakini hazivuki mahali pamoja.

Ukiukata ugwe mkato wa kupita, utaona mada ya kijivu katikati, imekaa mfano wa herufi H, na kuizunguka pande zote mada nyeupe, yaani mafungu ya nyuzi ndefu zinazopanda na kushuka. Mafungu matatu yanatosha kukieleza kisa chetu.

Fungu la amri hutoka gamba la ubongo. Linashuka hadi medula, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, na hapo asilimia 85 hadi 90 ya nyuzi huvuka kwenda upande wa pili. Baada ya kuvuka hushuka pembeni mwa ugwe, upande uleule wa msuli zinaouhudumia. Kwa hiyo zilipofika kifuani, amri za mguu wa kushoto zilikuwa tayari zimeshahamia kushoto, na kisu kilizikuta huko.

Fungu la mkao na mtetemo hupanda nyuma ya ugwe. Uzi unaotoka kidole gumba cha mguu wa kushoto huingia kwa mzizi wa nyuma na kupanda upande wa kushoto hadi medula bila kupokezana na seli yoyote njiani. Kwa mtu mrefu seli hiyo moja huweza kufikia urefu wa mita moja na nusu, na kila ninapolifundisha jambo hili hunistaajabisha upya. Huko medula ndiko hupokeza, na hisi huvuka kwenda upande wa pili. Chini ya hapo bado iko upande wake. Hii nayo kisu kiliikuta kushoto.

Fungu la maumivu na joto halingoji. Uzi huingia, hupanda kipande kimoja au viwili vya ugwe, hupokeza kwenye pembe ya nyuma, na seli ya pili huvuka hapohapo, mbele kidogo ya tundu la katikati, kisha hupanda upande wa pili hadi thalamasi, kituo cha kupokea hisi ndani ya ubongo. Maumivu ya mguu wa kulia, basi, hupanda kushoto. Kisu kilipokata kushoto, kiliondoka na maumivu ya kulia.

Mguso wa pamba ulisalia kwa sababu una njia pande zote mbili. Ndiyo sababu pamba peke yake ni kipimo dhaifu, na anayeishia kwenye pamba ataandika kwamba hisi iko sawa.

Ukanda ule wa kitovuni sasa unaeleweka. Pale kisu kilipopita, hakikukata njia za mbali tu, kilikata na mlango wenyewe, yaani mizizi ya nyuma na pembe ya nyuma ya kipande hicho upande wa kushoto. Hisi za ngozi ya hapo hazikupata pa kuingilia. Na kwa nini ganzi ya kulia ilianza chini zaidi, si usawa wa kitovu? Kwa sababu ya ile safari fupi ya kipande kimoja au viwili kabla ya kuvuka. Nyuzi zilizoingia kulia usawa wa T10 zilivuka juu ya jeraha, zikaponea. Zilizoingia T12 zilivuka chini yake, zikapanda kushoto, zikakutana na mkato.

Aliyeyapanga haya

Mpangilio huu wa dalili unaitwa kwa jina la Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Wakati wake wengi waliamini kwamba hisi zote hupanda nyuma ya ugwe, kila moja upande wake. Yeye alikata nusu ya ugwe wa wanyama, akapima miguu yao yote miwili, na akaona kwamba maumivu hupotea upande usiokatwa. Alilitangaza jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1840, kisha akaendelea kukusanya taarifa za watu waliojeruhiwa vivyo hivyo. Mwaka 1860 alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa hospitali ya magonjwa ya neva ya Queen Square, London. Alifariki mwaka 1894. Njia aliyoitumia ndiyo aliyohitaji kijana wetu: kupima miguu miwili kwa hisi mbalimbali, bila kudhani kwamba upande usiolalamikiwa ni salama.

Namba ya ngozi si namba ya mfupa

Dalili zilionyesha kipande cha T10. Daktari mwenye haraka angeomba picha ya pingili ya T10, na huenda angeambiwa hakuna kitu. Picha ya CT (eksirei za tabaka kwa tabaka zinazounganishwa na kompyuta), iliyofuata njia ya jeraha, ilionyesha kisu kimepita upande wa kushoto kati ya pingili za T7 na T8, na kumeguka kidogo kwa mfupa wa nyuma wa pingili.

Sababu ni ukuaji. Katika miezi mitatu ya kwanza tumboni, ugwe huujaza mfereji wote. Baada ya hapo mifupa hukua haraka kuliko ugwe, na mtoto anapozaliwa ugwe huishia karibu na pingili ya tatu ya kiuno. Utu uzimani umebaki nyuma hadi ya kwanza au ya pili. Neva hazikuhama matundu yake, kwa hiyo mizizi ya chini imelazimika kurefuka na kuteremka ndani ya mfereji, na kwenye kiuno imekuwa fungu linaloitwa mkia wa farasi. Ndiyo maana maji ya uti wa mgongo hutolewa kwa sindano chini, kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno au ya nne na ya tano, mahali ambapo hakuna ugwe wa kuchomwa.

Kwa matumizi ya kitandani: sehemu ya kati ya kifua, kipande cha ugwe kiko takriban pingili mbili hadi tatu juu ya mfupa wenye namba yake. Pingili ya T10 imekabiliana na vipande vya mwanzo vya kiuno, na ya L1 imekabiliana na vya sakramu. Anayelijua hili huomba picha mahali panapostahili.

Eksirei na CT zilitangulia kwa sababu nyingine pia. Kipande cha chuma kikiwa kimebaki ndani, sumaku ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inaweza kukisogeza. Hakikuwepo, MRI ikafanyika, na jeraha likaonekana kwenye nusu ya kushoto ya ugwe pamoja na uvimbe uliozidi mipaka ya mkato. Jeraha lilisafishwa, antibiotiki na chanjo ya pepopunda zikatolewa. Maji ya uti wa mgongo hayakuwa yakivuja, hakukuwa na mfupa wala damu iliyoubana ugwe, kwa hiyo hakupasuliwa. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, hazikutolewa: kwa majeraha ya kutoboa kama haya hazipendekezwi.

Kimya, kisha kukakamaa

Ndugu zake waliuliza swali ambalo huulizwa karibu kila mara: kama amri za ubongo zimekatika, mbona hata nyundo haikuamsha goti? Swali zuri kuliko wanavyodhani. Refleksi ya goti haihitaji ubongo. Nyundo hugonga kano, msuli wa mbele wa paja huvutika, vihisi vilivyomo ndani yake hutuma taarifa kwa mizizi ya nyuma ya L2 hadi L4, uzi hukutana moja kwa moja na seli ya amri kwenye pembe ya mbele, na jibu hurudi kwa msuli. Duara hilo lote liko chini ya kisu, nalo halikuguswa.

Kilichotokea ni mshtuko wa ugwe. Seli za pembe ya mbele zimezoea kupokea mfululizo wa ishara kutoka juu zinazoziweka katika hali ya utayari. Ishara zikikatika ghafla, seli huzama kimya kwa siku au majuma. Katika kipindi hicho mguu uliopoozwa na ugwe hulegea sawasawa na mguu uliopoozwa na neva, na mtu akiitazama juujuu hawezi kuitofautisha.

Wiki ya tatu goti la kushoto liliamka. Wiki ya tano lilikuwa linaruka kupita kiasi, na kifundo cha mguu kikisukumwa juu ghafla kilipigapiga chenyewe. Unyayo wa kushoto ulipokwaruzwa kutoka kisigino kuelekea vidole, kidole gumba kilipanda juu badala ya kushuka, alama aliyoieleza Joseph Babinski mwaka 1896. Ndugu walifurahi, wakadhani mguu umepona. Ilibidi waelezwe kwa upole kwamba duara la chini limeamka bila msimamizi wake, na ndiyo sababu mguu utakuwa unakakamaa. Misuli ya tumbo ya kushoto iliyokuwa ikipata amri kutoka seli za T10, ambazo zenyewe ziliuawa, haikukakamaa.

Mkojo ulirudi mapema. Kibofu huhudumiwa na S2 hadi S4, vipande vya sakramu, na amri zake hushuka pande zote mbili za ugwe. Nusu moja ikibaki, mara nyingi hutosha mshtuko ukishapita.

Kinachorudi na kisichorudi

Kati ya majeraha ya ugwe yasiyokata kote, hili ndilo lenye matumaini makubwa zaidi ya kutembea tena, na wengi wao hutembea. Si kwa sababu nyuzi zilizokatika huota upya. Neva iliyo nje ya mgongo ikikatika na kuunganishwa vizuri huweza kuota kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku. Ndani ya ugwe mazingira ni mengine: kovu na mabaki ya mafuta yanayofunika nyuzi huzuia uotaji. Kinachorudi hutokana na uvimbe kupungua, na nusu nzima kubeba zaidi, kwa kuwa zipo nyuzi za amri ambazo hazikuvuka kwenye medula na nyingine zinazovuka chini ndani ya ugwe wenyewe.

Kwa kijana huyu kunyoosha nyonga na goti kulitangulia. Kifundo cha mguu kilichelewa, akapewa kishikizo cha kuzuia vidole visiburute. Mwezi wa tatu alitembea kwa fimbo. Mwaka mmoja baadaye nguvu za kushoto zilikuwa 4, pamoja na kukakamaa kunakohitaji dawa na mazoezi ya kunyoosha misuli kila siku. Ganzi ya maumivu na joto upande wa kulia ilikuwa palepale.

Hili la mwisho ndilo ninalolisisitiza kwa wanaofundishwa kuwahudumia watu kama yeye, kwa sababu huduma yote huelekezwa mguu unaoonekana mgonjwa. Fiziotherapia inashughulika na kushoto. Wageni wanauliza habari za kushoto. Mguu wa kulia, unaobeba mwili wote, unaweza kuungua kwa maji ya moto, kutobolewa na msumari, au kulika taratibu ndani ya kiatu kinachobana, na hautalalamika kamwe. Muuguzi aliyekitoa kipande cha chupa usiku wa kwanza alikuwa tayari ameliona tatizo litakalodumu kuliko yote.

Barua ya kumruhusu iliandikwa kwa kuzingatia hilo, ikasomwa mbele yake na mbele ya kaka yake anayeishi naye. Maji ya kuoga yapimwe kwa mguu wa kushoto au kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu wa kulia. Unyayo wa kulia ukaguliwe kila jioni, kwa kioo kama hauonekani vizuri, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Alale akijigeuza, asikae saa nyingi kwa kuegemea upande wa kulia. Chumba kisiwe giza totoro usiku, kwa kuwa mguu wa kushoto haumwambii uko wapi na macho ndiyo yanayouongoza. Na atakayempima baadaye, akikuta ganzi ya kulia imepanda juu ya kitovu au mkono umeanza kupoteza maumivu, asidhani ni jeraha la zamani: huenda maji yanajikusanya ndani ya ugwe juu ya kovu, na MRI ifanywe upya bila kusubiri kliniki ijayo.